Subira Yenye Hesabu: Ustahimilivu katika Kujenga Biashara ya Mtandaoni

Maana na mipaka

Ustahimilivu katika biashara ya mtandaoni ni uwezo wa kuendelea kuhudumia wateja, kujifunza na kurekebisha mwenendo katika kipindi ambacho mapato hayajatosha kulipa gharama. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni kushika lengo, yaani kujua biashara ipo ili imtatulie nani shida gani. Ya pili ni kubadili njia pale ushahidi unapoonyesha kwamba njia iliyopo haifiki. Ya tatu ni kulinda fedha, ili biashara iwe bado hai siku soko litakapoitikia. Anayeshika lengo bila kubadili njia hurudia kosa lile lile mwezi hadi mwezi. Anayebadili njia kila wiki bila lengo hafahamiki anauza nini. Mwenye yote mawili asiyelinda fedha hufunga duka wakati wateja ndio kwanza wanaanza kumzoea.

Biashara ya mtandaoni inayozungumziwa hapa ni ile ambayo mteja huiona bidhaa, hupatana bei, huagiza au hulipa kwa kutumia simu na intaneti, hata kama mzigo wenyewe husafiri kwa bodaboda au basi. Inajumuisha kampuni zenye maghala katika nchi nyingi, na pia muuzaji wa vitenge anayeweka picha kwenye WhatsApp asubuhi na kufunga mizigo mchana.

Kwa nini huchelewa kukomaa

Kufungua duka la mtandaoni ni rahisi. Hakuna kilemba, wala kodi ya fremu inayodaiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa sababu mlango ni mpana, wanaoingia ni wengi, na picha ile ile ya mkoba ule ule huonekana kwenye kurasa za wauzaji lukuki. Siku ya kwanza mgeni hana kinachomtofautisha na wenzake. Vitu vinavyomtofautisha muuzaji mmoja na mwingine hujengeka kwa muda, na havinunuliki kwa mtaji peke yake.

Kikubwa kati ya vitu hivyo ni kuaminika. Dukani mteja hushika kitambaa, hugeuza kiatu kuangalia soli, hutoa pesa na kuondoka na mali yake. Mtandaoni hutakiwa kumlipa mtu asiyemjua kabla ya kuona kitu. Matapeli wapo: huchukua picha za wauzaji wengine, hupokea malipo, kisha humfungia mteja asiweze kuwasiliana nao tena. Muuzaji mpya aliye mwaminifu hubeba shaka iliyopandwa na hao, na shaka hiyo hupungua mzigo mmoja baada ya mwingine unapofika salama.

Kingine ni kumjua mteja. Saizi zinazoisha haraka, rangi zinazokaa stoo, wiki ambazo watu hununua na wiki ambazo hutazama tu, yote hayo hujulikana baada ya misimu kupita. Anayeuza nguo za watoto hujifunza kwamba miezi ya Idi na Krismasi haifanani na Januari, wakati pesa ya wazazi inapokwenda kwenye ada na sare.

Tena kuna uhusiano na wauzaji wa jumla. Mfanyabiashara asiyejulikana hulipa taslimu na huchukua kilichobaki. Aliyerudi mara nyingi na kulipa kwa wakati huanza kupewa mali kauli: huchukua mzigo leo, huuza, na hupeleka pesa baadaye. Kwa mwenye mtaji mdogo, hiyo ni hatua kubwa kuliko mkopo wa benki, nayo haipatikani mwezi wa kwanza.

Amazon: lengo moja, njia kadhaa

Historia ya Amazon ni mfano uliorekodiwa vizuri. Jeff Bezos aliianzisha Julai 1994 katika eneo la Seattle, Marekani, na duka lake la vitabu lilifunguliwa mtandaoni Julai 1995. Mei 1997 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 18 kila moja. Kufikia Desemba 1999 bei ya hisa moja ilikuwa imevuka dola 100. Soko la hisa za kampuni za intaneti lilipoporomoka kuanzia mwaka 2000, hisa hizo zilishuka hadi chini ya dola 10 mwaka 2001.

Mwaka 2000 kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 1.4. Januari 2001 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,300, yaani takriban asilimia 15, na kufunga ghala moja na kituo kimoja cha huduma kwa wateja. Robo ya kwanza yenye faida ilikuwa ya mwisho wa mwaka 2001, na faida yenyewe ilikuwa dola milioni 5. Mwaka mzima wa kwanza wenye faida ulikuwa 2003, miaka minane baada ya duka kufunguliwa.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kama ushindi wa moyo mgumu. Hesabu zake zinaonyesha jambo jingine pia. Februari 2000, wiki chache kabla ya soko kuanguka, Amazon iliuza hatifungani huko Ulaya na kupata euro milioni 690. Fedha hizo ziliiwezesha kuvuka miezi ambayo kampuni nyingi za rika lake zilizikwa, na katika miezi hiyo ikapunguza gharama bila kusubiri soko lirudi. Bila fedha hizo, moyo ule ule usingetosha.

Somo la kubadili njia linaonekana katika mpango wa kuwakaribisha wauzaji wa nje. Kampuni ilitaka mteja akute karibu kila kitu mahali pamoja, lakini haikuweza kununua na kuhifadhi kila kitu yenyewe. Machi 1999 ilianzisha mnada wa mtandaoni ili kushindana na eBay, wateja hawakuuendea. Septemba mwaka huo huo ikaanzisha vibanda vya bei maalumu vilivyoitwa zShops, navyo havikushika. Novemba 2000 ikajaribu kwa njia ya tatu: bidhaa ya muuzaji wa nje iliwekwa kwenye ukurasa ule ule ambao Amazon iliuzia bidhaa yake, ili mteja alinganishe bei papo hapo bila kuhamia sehemu nyingine ya duka. Njia hiyo ilifanya kazi. Sehemu ya mauzo ya bidhaa iliyotoka kwa wauzaji wa nje, ambayo mwaka 1999 ilikuwa asilimia 3, ilifika asilimia 58 mwaka 2018. Lengo halikubadilika tangu jaribio la kwanza. Kilichotupwa mara mbili ni utaratibu, na hakuna aliyeshikilia mnada kwa sababu tu ulikwisha kugharimiwa.

Alibaba: kuondoa hofu ya mnunuzi

Jack Ma alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika mji wa Hangzhou, China. Mwaka 1995 alianzisha China Pages, orodha ya mtandaoni ya kampuni za Kichina, ambayo baadaye iliunganishwa na mradi wa shirika la simu naye akaiacha. Mwaka 1999 alianza upya na wenzake 17 katika nyumba yake, wakaunda Alibaba, mahali pa kuwakutanisha viwanda vya China na wanunuzi wa nje. Walipata dola milioni 5 mwaka huo huo na dola milioni 20 kutoka SoftBank mwaka 2000.

Fedha hizo zilikaribia kuwaponza. Kampuni ilifungua ofisi ng'ambo mapema mno, na mwaka 2001 ikalazimika kupunguza watu huko na kurudisha nguvu zake nyumbani. Iliyoiokoa ni huduma ya uanachama: viwanda vya China vililipa ada, vikakaguliwa, na mnunuzi wa mbali akaonyeshwa kwamba muuzaji huyu amethibitishwa kuwa yupo. Kampuni ilianza kulipwa kwa kuuza uhakika.

Mwaka 2003 Alibaba iliingia katika biashara ya rejareja kwa kuanzisha Taobao, wakati ambapo eBay ilikuwa imenunua EachNet, kampuni iliyoongoza soko hilo nchini China. Taobao haikuwatoza wauzaji ada, na ilimwezesha mnunuzi kuandikiana na muuzaji moja kwa moja, akauliza, akaomba apunguziwe, wakapatana. Juu ya hayo ikaja Alipay: pesa ya mnunuzi ilishikwa katikati na kumfikia muuzaji baada ya mzigo kupokelewa. Mwishoni mwa mwaka 2006 eBay iliacha kuendesha tovuti yake yenyewe huko na kuikabidhi kwa ubia na kampuni ya Kichina. Mwaka 2014 Alibaba iliuza hisa New York na kukusanya dola bilioni 25.

Kampuni hii ina uhusiano wa moja kwa moja na biashara ya Afrika Mashariki. Wauzaji wengi wa Kariakoo na Eastleigh huagiza bidhaa kwa kupitia tovuti zake, kisha mzigo hupokelewa na mawakala wa usafirishaji walioko Guangzhou. Kwa meli hutozwa kwa ujazo, kwa ndege kwa kilo. Anayechagua meli hulipa kidogo, lakini mtaji wake hukaa baharini kwa wiki nyingi, na katika wiki hizo hana cha kuuza wala pesa ya kuongeza mzigo. Ndiyo maana wengi huanza kwa kununua jumla mjini hata kama bei ni ya juu kidogo: kiatu kinachopatikana leo na kuuzwa kesho huzungusha fedha mara nyingi kabla ya kontena kufika bandarini.

M-Pesa: kufuata matumizi halisi

Biashara ya mtandaoni ya ukanda huu ilihitaji njia ya kulipa ambayo haikutegemea kadi ya benki, na njia hiyo yenyewe ilizaliwa kwa kubadili mpango. Jaribio la M-Pesa lilianza Kenya mwaka 2005, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza na kwa kushirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho ya mikopo kwa simu.

Washiriki walipopewa huduma waliitumia kwa mambo mengine. Walitumia akaunti kama mahali pa kulaza pesa salama usiku, waliwalipia wenzao mikopo, wafanyabiashara wakalipana, na wengine wakanunua muda wa maongezi na kuutuma kwa ndugu vijijini. Wakati huohuo upande wa mikopo ulikuwa mgumu kuunganishwa na vitabu vya taasisi husika. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Vodacom iliianzisha Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2013 Safaricom ilileta Lipa na M-Pesa, ambayo ilimpa mwenye duka namba ya kupokelea malipo kwa jina la biashara.

Tukio hili linaonyesha namna ushahidi wa kubadili njia unavyopatikana. Wateja hawakuandika ripoti. Walitumia huduma kwa namna yao, na wasimamizi wakatazama kumbukumbu za miamala na kuwauliza.

Siku ya muuzaji mdogo

Ustahimilivu wa kampuni kubwa huonekana katika taarifa za mwaka. Wa muuzaji mdogo huonekana katika mazungumzo ya simu. Muuzaji wa viatu vya kike jijini Dar es Salaam huanza siku Mtaa wa Kongo au Aggrey, anapopiga picha mzigo mpya kwa muuzaji wa jumla. Huandika saizi, rangi na bei, huweka picha Instagram na WhatsApp, na kabla ya saa nne ujumbe huanza kuingia.

"Dada habari, hicho cheusi 39 ipo?"

"Ipo mpendwa, elfu thelathini na tano. Karibu."

"Mimi nipo Mwanza. Nitakuaminije?"

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama biashara ipo au haipo. Muuzaji wa wiki ya kwanza hana jibu isipokuwa ahadi. Muuzaji wa mwaka wa pili hutuma picha za mizigo iliyokwisha kusafirishwa, risiti za mabasi na maoni ya wateja wa Mwanza hiyo hiyo, pamoja na lipa namba inayoonyesha jina la biashara badala ya jina la mtu binafsi. Mteja akilipa, mzigo hupelekwa ofisi ya basi Shekilango au stendi ya Magufuli, Mbezi. Muuzaji hupiga picha risiti yenye namba ya gari na simu ya wakala wa upande wa pili, na kuituma hapo hapo. Kesho yake humuuliza mteja kama kiatu kimemtosha. Picha ya risiti na swali la kesho yake havigharimu kitu, lakini vikirudiwa kwa kila mteja ndivyo vinavyoleta oda ya pili.

Kwa wateja wa ndani ya jiji, malipo mzigo ukifika huondoa hofu ya mnunuzi na kuihamishia kwa muuzaji. Mteja huagiza, bodaboda hufika Tabata, na simu imezimwa. Mzigo hurudi, nauli hairudi. Wenye uzoefu hudai nauli ilipwe kwanza na bei ya bidhaa ilipwe mlangoni. Mwenye nia ya kununua hukubali. Hujifunza pia kutoachia mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa muamala kwenye simu ya mteja, kwa kuwa ujumbe wa kughushi upo. Huangalia salio lao kwanza.

Yapo pia mazoea yanayopoteza wateja kimya kimya. Kuficha bei na kumtaka kila mtu aulize faraghani huwachosha wanaolinganisha, na humwachia muuzaji kazi ya kujibu swali moja siku nzima. Kujibu kwa ukali mteja anayeuliza bila kununua husomwa na wengine. Wahenga walisema biashara haigombi, na mtandaoni ugomvi hubaki umeandikwa.

Hesabu za kustahimili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inahusu biashara ya mtandaoni kuliko hata duka la mtaani, kwa sababu pesa huingia na kutoka kwa vipande vidogo kwenye simu ile ile inayotumika kununua umeme na kumtumia mama matumizi. Muda ambao biashara inaweza kustahimili unaweza kuhesabiwa, na hesabu yake si ngumu.

Tuchukue kiatu kinachonunuliwa jumla kwa sh. 20,000 na kuuzwa sh. 35,000. Tofauti ni sh. 15,000. Katika hiyo, tukadirie mfuko na ufungaji sh. 1,000, makato ya miamala sh. 500, na tangazo la kulipia sh. 4,000 kwa kila oda. Ikiwa oda moja kati ya kumi hukataliwa na nauli ya kwenda na kurudi ni sh. 10,000, kila oda hubeba sh. 1,000 ya hasara hiyo. Jumla ya matumizi ni sh. 6,500, na kinachobaki ni sh. 8,500.

Gharama zisizobadilika, yaani bando, nauli za kufuata mzigo na chumba cha kuhifadhia, tuzifanye sh. 170,000 kwa mwezi. Biashara inahitaji kuuza jozi 20 ili zirudi. Mwenye nayo akitaka ajilipe sh. 340,000, zinahitajika jozi 60. Akiuza jozi 10 tu kwa mwezi, anabaki na sh. 85,000 na kupungukiwa sh. 85,000 nyingine. Kama ameweka akiba ya sh. 510,000 nje ya fedha ya mzigo, anaweza kwenda hivyo kwa miezi sita. Hiyo ndiyo subira anayoimudu, na ni vizuri aijue tangu mwanzo.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mahali ambapo uvumilivu hulipa. Mteja anayerudi mwenyewe hahitaji tangazo, kwa hiyo jozi aliyonunua huacha sh. 12,500 badala ya sh. 8,500. Nusu ya wanunuzi wale kumi wakiwa wateja wa kurudi, pengo la mwezi hushuka kutoka sh. 85,000 hadi sh. 65,000, na akiba ile ile hudumu karibu miezi minane bila kuuza jozi hata moja zaidi. Kwa sababu hiyo, kipimo bora cha miezi ya mwanzo ni idadi ya wanaorudi kununua. Idadi ya wafuasi wa ukurasa haiingii katika daftari.

Kinachoua biashara nyingi changa ni kula mtaji. Mauzo ya siku huonekana kama kipato, hutumika nyumbani, na siku ya kuchukua mzigo mpya pesa haitoshi. Kutenga laini moja ya simu kwa ajili ya biashara, kujilipa kiasi kinachojulikana, na kuandika kila jioni kilichoingia na kilichotoka huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Wengine hubaki na ajira au shughuli nyingine hadi biashara iweze kuwalipa. Hilo hupunguza kasi, lakini huongeza miezi.

Kutotegemea mlango mmoja

Duka lililopo kwenye jukwaa la mtu mwingine linaweza kufungwa bila kosa la mwenye duka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Nchini Uganda, kodi ya sh. 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018, na Januari 2021 Facebook ilifungwa wakati wa uchaguzi, ikabaki imefungwa miaka iliyofuata. Kuna pia akaunti zinazodukuliwa, na mabadiliko ya programu zinazoamua nani aone picha ya nani.

Kinga ni kuwa na daftari la wateja lililo mikononi mwa mwenye biashara: jina, namba ya simu, saizi, na tarehe ya mwisho kununua. Mlango mmoja ukifungwa, biashara huwafuata wateja kwa mwingine. Taarifa hizo zina sheria zake. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Namba ya mteja haipaswi kugawiwa kwa wengine bila ridhaa yake. Namba ya mlipakodi, leseni na jina lililosajiliwa huongeza gharama na makaratasi, lakini ni sehemu ya jibu la lile swali la mteja wa Mwanza.

Wakati wa kuacha

Ustahimilivu usio na mpaka hugeuka hasara. Pets.com ya Marekani, ambayo Amazon ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wake, iliuza hisa kwa umma Februari 2000 na ikatangaza kufunga Novemba mwaka huo huo. Iliuza chakula cha mbwa na paka kwa bei isiyorudisha gharama, na kwa kuwa mifuko hiyo ni mizito, kila oda ilizidisha hasara. Webvan, iliyopeleka vyakula majumbani, iliagiza maghala ya dola bilioni 1 mwaka 1999 kabla ya kuthibitisha kwamba ghala la kwanza linajilipa, na Julai 2001 ikafilisika. Kampuni zote mbili hazikukosa bidii. Zilikosa oda yenye kuacha kitu, na wingi wa oda haukuweza kuziba pengo hilo.

Kuacha sehemu kunaweza kuwa njia ya kuokoa kilichobaki. Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, iliorodheshwa katika soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba mwaka huo ilifunga shughuli zake Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2023 iliacha kupeleka vyakula, na mwaka 2024 ikaondoka Afrika Kusini na Tunisia, huku ikiendelea na masoko mengine, Kenya ikiwemo. Kwa upande mwingine, Copia ya Kenya, iliyoanza mwaka 2013 na kuwafikia wanunuzi wa vijijini kwa kutumia mawakala wa madukani, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kukosa fedha za kuendelea. Zaidi ya miaka kumi ya kazi haikutosha, kwa sababu biashara ilikuwa bado inahitaji fedha za wawekezaji ili iende.

Dalili za kuangalia ni chache. Ikiwa oda moja, baada ya kuondoa gharama zake zote, haiachi chochote hata baada ya kurekebisha bei, tangazo na usafirishaji, basi kuuza zaidi ni kuongeza deni. Ikiwa misimu miwili imepita na wanunuzi hawarudi, bidhaa au huduma ina kasoro ambayo tangazo haliwezi kuifunika. Ikiwa akiba imefika kiwango kilichowekwa kuwa cha mwisho, kukopa ili kuvuka mwezi mmoja zaidi huhamishia tatizo nyumbani. Kinyume chake, biashara ndogo ambayo kila oda inaacha kitu na wateja wanaorudi wanaongezeka ina sababu ya kuendelea hata kama mauzo ya mwezi bado ni madogo. Masharti haya yafaa kuandikwa mwanzoni, wakati akili imetulia, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutumbukiza akiba yake huona aibu kuacha na hupata sababu nyingi za kungoja.

Anayefunga biashara kwa wakati haondoki mikono mitupu. Daftari la wateja hubaki, wauzaji wa jumla waliokwisha kumpa mali kauli humkumbuka, na jina lisilodaiwa na mtu huweza kutumika kuuza bidhaa nyingine.